Kuzoesha injini mpya ya nitro: ipate joto kwanza, kasi itafuata

Chukua injini mpya ya nitro, ile ya gari dogo la mchezo linaloendeshwa kwa rimoti, kabla hata hujaifunga kwenye gari, ushike flaiwili, yaani gurudumu zito linalozunguka na injini, na kuizungusha polepole kwa mkono. Itazunguka vizuri, kisha pistoni ikikaribia juu itakaza. Nyingine hung'ang'ania kabisa mpaka mtu akadhani kuna kitu kimevunjika ndani. Hakijavunjika kitu. Mkazo huo umewekwa makusudi kiwandani, na kazi yote ya kuzoesha injini ni kuupunguza kwa kiasi kinachotakiwa bila kuumaliza.

Injini nyingi za magari haya madogo hazina ringi za kuziba pistoni. Pistoni ya aluminiamu hupanda na kushuka ndani ya slivu, bomba la silinda la shaba nyeupe iliyopakwa kromu, na slivu hiyo juu ni nyembamba kidogo kuliko chini. Injini ikiwaka, sehemu ya juu, ambako mafuta yanaungulia, hupata joto zaidi na kutanuka zaidi, hivyo upana wa juu unakaribiana na wa chini. Vipimo sahihi vya injini ya namna hii hupatikana ikiwa ya moto tu. Ikiwa baridi, kila pistoni inapofika juu inajisugua kwenye slivu iliyoibana, na konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ndiyo inayobeba nguvu za kuivuta itoke pale.

Kwa hiyo sikubaliani na ule ushauri wa zamani wa kuiacha injini ingurume tuli tangi baada ya tangi, huku imemwagiwa mafuta mengi kiasi kwamba hedi, kifuniko cha juu cha injini, inashikika kwa mkono. Mafuta mengi hupoza, injini iliyopoa hubana, na injini inayobana ikiendelea kuzunguka husagika. Mtu akimaliza matangi yake anasema injini imelainika, na kweli imelainika, lakini mgandamizo umekwenda na maji. Dalili yake utaiona baadaye: inawaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, ikishapata moto ikazimika haiwaki tena.

Upande wa pili nao una hatari yake. Oili ya kulainisha injini hii haikai kwenye sampu, bakuli la chini ya injini, kama ya gari kubwa. Imechanganywa ndani ya mafuta yenyewe. Ukipunguza mafuta ili injini ipate joto, umepunguza na oili, kwenye injini ambayo vyuma vyake bado havijazoeana. Basi unahitaji mambo mawili yanayovutana: mafuta ya kutosha, na joto la kutosha. Suluhisho ni kuacha sindano ya kabureta, skrubu inayopanga kiasi cha mafuta, itoe mafuta mengi kidogo, na joto ulitafute nje: kwa kuipasha injini kabla ya kuwasha na kuifunika hedi isipoe. Hatua zote hapa chini zimejengwa juu ya hilo.

Vitu vya kuwa navyo

Kipimajoto cha kuelekeza, kile cha mwanga usioonekana, ndicho cha kwanza. Wapo wanaodondosha tone la maji kwenye hedi na kutazama linachukua muda gani kukauka, na kwa dharura inasaidia: tone likipotea papo hapo kwa mlio, injini ina moto kupita kiasi. Lakini kwa kuzoesha injini mpya tone la maji halitoshi, unataka namba. Ongeza kikausha nywele au mashine ya kupuliza hewa ya moto, foili ya jikoni, kiwashio cha plagi chenye betri iliyojaa, plagi ya akiba, bisibisi bapa, kitambaa kinene, na stendi ya kuinua gari magurudumu yasiguse chini.

Mafuta yawe yale yale utakayoendeshea gari siku zote. Mafuta haya ni methanoli, nitromethani na oili. Kwa magari, nitro huwa mara nyingi kati ya asilimia 16 na 25. Ukizoeshea mafuta ya asilimia fulani kisha ukahamia mengine, sindano zote itabidi uzipange upya. Petroli haina nafasi humu. Plagi ya injini hii haitoi cheche: ina waya wa platini ambao, ukishapata joto la betri, huendelea kuwa mwekundu kwa sababu ya mmenyuko wake na mvuke wa methanoli pamoja na joto la mwako wenyewe. Ndiyo maana ukichomoa kiwashio injini haizimi.

Kuhusu methanoli kuna jambo la kulisema waziwazi. Ni sumu, ikinywewa na hata ikipenya kwenye ngozi, na moto wake mchana wa jua karibu hauonekani kwa macho. Mtu anaweza kuwa anaungua mkono bila kuona mwali. Fanyia kazi nje penye hewa, funga chupa mara tu unapomaliza kujaza, na asiwepo mvutaji sigara karibu.

Kabla ya kuwasha

Kagua skrubu zinazoshika injini kwenye fremu. Injini ikitikisika, mafuta kwenye tangi yanatoa povu, na povu likiingia kabureta utahangaika na sindano ambazo hazina kosa. Angalia paipu mbili: ya kuleta mafuta kutoka tangini, na ile ya kutoka ekzosi kwenda tangini, ambayo hupeleka mgandamizo wa kusukuma mafuta. Hii ya pili ikitoboka injini hupata njaa, na wengi hawaifikirii.

Chujio la hewa la sponji lazima lipakwe oili yake, likandwe mpaka rangi ienee kote, kisha likamuliwe. Chujio kavu hupitisha vumbi, na vumbi kwenye slivu mpya ni msasa.

Washa rimoti kwanza, halafu gari. Wakati wa kuzima, gari kwanza. Triga ikiwa imeachiwa, mlango wa kabureta ubaki wazi kidogo tu, nafasi isiyozidi milimita moja. Hakikisha pia breki haishiki wakati triga imeachiwa, na kwamba ukizima rimoti servo, mota ndogo inayovuta mlango wa kabureta na breki, inarudisha mlango kwenye kufunga na kuvuta breki, kama gari lako lina kinga hiyo.

Sindano za kabureta ziache kama zilivyotoka kiwandani. Kiwanda huzipanga upande wa mafuta mengi, kwa makusudi ya kazi hii hii. Kama kuna mtu alishazichezea, rudi kwenye kijitabu cha injini yako, kinasema ifunguliwe mizunguko mingapi kutoka kufungwa. Ukiifunga sindano ili kuhesabu, ikifika mwisho simama. Ukiikaza kwa nguvu unaharibu ncha na kikalio chake. Kumbuka mwelekeo: kulia ni kupunguza mafuta, kushoto ni kuongeza.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

1. Funga hedi kwa foili, uache plagi wazi. Foili izunguke mapezi ya kupozea, si kabureta.

2. Puliza hewa ya moto kwenye hedi na ubavu wa injini mpaka kipimajoto kisome nyuzijoto 70 au zaidi karibu na plagi. Usielekeze kwenye tangi. Ikiwa tangi tayari lina mafuta, usipulize. Jaza baada ya kupasha, na kifaa cha kupasha kiwe mbali.

3. Jaza tangi. Ziba tundu la ekzosi kwa kidole huku ukizungusha injini kidogo kidogo, bila kiwashio, hadi uone mafuta yamefika kwenye kabureta. Yakifika tu, acha. Kuzidisha hapa ndiko kunakofurisha injini.

4. Chomeka kiwashio na uvute kamba kwa mivuto mifupi ya haraka. Usiivute mpaka mwisho, utakata kamba au springi. Wenye boksi la kuwashia waweke gari juu na kugusisha flaiwili taratibu.

5. Ikiwaka, iache kiwashio kikiwa kimeshika kwa sekunde chache, kisha kichomoe. Pokea moshi mwingi. Huo ndio unaotakiwa leo.

Kamba ikikataa kabisa, usiilazimishe. Mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Ama pistoni imebanwa juu kwa sababu injini bado baridi, basi ipashe tena na ulegeze plagi kwa nusu mzunguko. Ama mafuta yamejaa juu ya pistoni, na kimiminika hakigandamiziki. Ukiendelea kuvuta kwa nguvu konrodi itapinda. Fungua plagi, geuza gari chini juu, vuta kamba mara kadhaa mafuta yatoke, na usiweke uso karibu na tundu hilo kwa sababu yanaruka kwa kasi na yanachoma macho.

Ikiwaka kisha ikazima kila ukichomoa kiwashio, kwanza badilisha plagi. Ikibaki hivyo, mafuta yamezidi mno: geuza sindano kuu kulia kwa moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kama umbali wa kutoka saa moja hadi nyingine kwenye uso wa saa, na ujaribu tena. Hicho ndicho kipimo cha kila marekebisho kuanzia hapa. Mtu anayegeuza sindano robo mzunguko kwa mkupuo hajui tena alikotoka.

Tangi la kwanza

Gari likiwa kwenye stendi, injini ingurume tuli, na kila baada ya sekunde chache gusa triga kidogo tu, magurudumu yazunguke kisha yatulie. Miguso hiyo hutoa mafuta yanayotuama kwenye kranki na kuilinda plagi isizimwe. Usivute triga kwa nguvu magurudumu yakiwa hewani. Injini isiyo na mzigo hupanda mizunguko kwa kasi ya kutisha, na konrodi mpya hairudishwi ikishanyooka.

Pima joto kila dakika moja au mbili, mahali pale pale, chini ya hedi karibu na plagi. Lengo ni nyuzijoto 85 hadi 105. Ikiwa chini ya hapo, ongeza foili au kunja tabaka mbili. Ikiwa juu, chana kipande. Hapa ndipo kishawishi cha kugusa sindano hukujia, hasa ukiona injini inakohoa na kutema oili kwenye ekzosi. Iache ikohoe. Foili ndiyo inayorekebisha joto, na sindano ibaki kwenye kazi ya kulisha.

Usisubiri tangi likauke. Mafuta yakikaribia kwisha, hewa huanza kuingia kwenye paipu, injini inalia kwa sauti kali na kukosa oili kwa sekunde chache, na sekunde hizo chache kwenye injini mpya ni nyingi. Mafuta yakifika robo ya tangi, zima. Kuzima ni kuziba tundu la ekzosi kwa kitambaa kinene, au kuikandamiza flaiwili kwa kitu kisichochubuka. Kubana paipu ya mafuta nako huzima, lakini humalizia injini kwa njaa ile ile, kwa hiyo kwa sasa kuache.

Mara tu inapozima, na mapema kuliko unavyotaka, tia bisibisi kwenye flaiwili uizungushe hadi pistoni iwe chini kabisa. Utajua kwa mkono: ni upande wa pili wa pale inapokaza. Slivu ikipoa huku pistoni imekaa juu, itaikumbatia pistoni mahali penye upana mdogo kuliko pote. Wanaosahau hatua hii huanza tangi la pili kwa kuvunja kamba ya kuwashia. Weka alama ya kalamu kwenye flaiwili kuonyesha upande wa chini, hutahitaji kubahatisha.

Halafu subiri ipoe kabisa, ifikie joto la hewa. Kupata moto na kupoa kwa zamu ni sehemu ya kazi, si mapumziko kati ya kazi na kazi. Vyuma hutulia katika mizunguko hiyo. Kabla ya kila tangi linalofuata, kwanza pasha tena.

Matangi yanayofuata

Kuanzia la pili gari lishuke chini. Tafuta mahali pa wazi, sakafu ngumu na tambarare. Majani na mchanga humpa mzigo mkubwa mtoto huyu mapema mno. Ondoa bodi ili ufikie injini kirahisi na punguza foili, maana sasa mzigo wenyewe unaleta joto.

Tangi la pili usipite robo ya triga. Vuta taratibu, hesabu mbili, achia, acha gari lipunguze, vuta tena. La tatu, hadi nusu. La nne, robo tatu, sasa hesabu tatu. La tano, triga nzima, lakini ifikie mwisho polepole na uishike sekunde mbili tatu tu, kisha uachie. Katika matangi yote haya, kosa kubwa ni mwendo wa sare. Gari likizungushwa dakika nzima kwa kasi ile ile, joto linajijenga sehemu moja bila kupumua, na kila unapoachia triga ndipo mafuta mapya na oili mpya hupita kupoza na kulainisha.

Joto katika hatua hii liende nyuzijoto 95 hadi 110. Kuanzia tangi la tatu unaweza kuanza kuifunga sindano kuu, hatua moja ya kumi na mbili kwa wakati, ukiendesha kidogo kati ya hatua na hatua ili mabadiliko yaonekane. Kila ukivuta triga lazima uone mkia wa moshi wa buluu nyuma ya gari. Mkia ukitoweka, rudisha hatua ulizotoka, bila kujali kipimajoto kinasema nini. Kipimajoto hueleza kilichokwisha kutokea. Moshi unaonyesha kinachotokea sasa.

Injini iliyoshiba kupita kiasi huchelewa kupanda, sauti yake ni nzito yenye mabubujiko, na huacha oili nyingi kwenye ekzosi. Yenye njaa hulia kwa sauti nyembamba, hupanda haraka kisha hukata ghafla ukiwa kwenye kasi, na ukiachia triga inachelewa kurudi kwenye mngurumo tuli, kama vile bado umeishika. Ukiisikia hiyo ya pili, achia triga, geuza kushoto, na usiseme utarekebisha tangi lijalo.

Utajuaje imezoea

Ikipoa kabisa, zungusha flaiwili kwa mkono kama ulivyofanya mwanzo. Mkazo wa juu bado upo, lakini pistoni inaupita kwa ulaini, bila kukwama na bila ile sauti ya kukwaruza. Ukikuta hakuna mkazo kabisa, injini imeshaliwa. Kwa gari la kujifurahisha, matangi matano hadi nane ya namna hii yanatosha kuanza kuliendesha kwa uhuru. Injini za mashindano hubana zaidi, na nyingine hazifunguki kikamilifu mpaka zimetumia lita mbili hadi nne. Hizo zipeleke kwa adabu, na mafuta yakizidi kidogo, hadi hapo.

Sasa ndipo sindano ndogo, ile inayopanga mafuta ya kasi ya chini, inapostahili kuguswa. Injini ikiwa ya moto na inanguruma tuli, bana paipu ya mafuta karibu na kabureta. Inavyotakiwa ni mizunguko ipande kidogo na injini izime baada ya sekunde mbili hadi nne. Ikizima papo hapo, sindano ndogo inabana mafuta, ifungue hatua moja. Ikiendelea zaidi ya sekunde tano, mafuta yamezidi, ifunge. Sindano kuu ipangwe kwanza, ndogo baadaye, na skrubu ya mngurumo tuli mwisho wa yote. Ukianza na skrubu hiyo utaficha makosa ya sindano.

Injini iliyozoea hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 105 hadi 125. Usiifukuzie namba. Hewa ya baridi ni nzito na hudai mafuta zaidi, ya joto na unyevu hudai machache, na kwenye miinuko mirefu vilevile hudai machache. Mpangilio wa jana unaweza kuwa njaa asubuhi ya leo yenye baridi, kwa hiyo kila siku anza kwa kufungua sindano kuu hatua moja, halafu ufunge kadiri moshi unavyokuruhusu.

Siku ikiisha

Mwaga mafuta yote tangini, kisha washa injini hadi yaliyobaki kwenye paipu yaishe. Injini ikiwa na mngurumo tuli tu na imeshazoea, njaa hiyo fupi haina madhara. Methanoli hunyonya unyevu wa hewani, na ikiachwa ndani usiku mmoja inaanza kuweka kutu kwenye beringi za kranki. Fungua plagi, tia matone machache ya oili ya kuhifadhia injini kwenye tundu lake na mengine kwenye kabureta, zungusha mara kadhaa, futa, rudisha plagi, pistoni chini.

Plagi iliyotumika kuzoeshea itupe au iweke kwa dharura. Chembe ndogo za chuma zilizotoka kwenye pistoni na slivu hujibandika kwenye waya wake, na plagi kama hiyo huwaka nusu nusu, ukaishia kuzungusha sindano kutafuta kosa lisilo lake. Funga mpya, yenye waya wa joto lile lile alilotaja mtengenezaji, ikaze kwa mkono na robo mzunguko zaidi, na uhakikishe pete bapa ya shaba chini yake haijapotea.